Chungu Kimoja Mlangoni pa Shimo

Hapo zamani, na msiniulize zamani ya lini, kule milima ya Upare waliishi wifi wawili waliofinyanga katika banda moja. Nakijwa alifinyanga vyungu vyembamba, vilaini, bila urembo hata chembe. Eliwaza alifinyanga vinene, kavichora mistari mpaka basi.

"Wifi, hicho ni chungu au yai?"

"Na hilo lako, wifi, ni chungu au jiwe la kusagia?"

Sasa, huko udongo haukuchimbwa ovyo. Shimo lilifunguliwa siku moja tu kwa mwaka, na mlinzi wake, Mama Namkunda, alidai chungu kizima mlangoni. Chungu kimoja, mtu mmoja. Huna chungu, huna udongo, na wifi hawa hawakuwa na shamba la kulishia watoto wao.

Zikabaki siku mbili. Nakijwa hatulii: anaingia, anatoka, anatazama mawingu.

"Wifi, tuchome leo! Mvua hiyo!"

"Vyako vimekauka. Vyangu bado vibichi ndani, vitapasuka."

"Tuchome, nakwambia!"

Eliwaza akachoka kubishana. Akavipanga vyote motoni kwa mikono yake. Ila chungu kimoja cha Nakijwa alikionea huruma kwa wembamba wake, akakifunika kwa chungu chake kikubwa kuliko vyote.

Paa! Paa! Vile vibichi vikapasuka, vigae vikavunja kila kitu. Hata kile kikubwa kikavunjika. Kikapona kile kimoja kilichofunikwa. Walipokitoa tu, mvua ikamwagika, banda likajaa maji hadi magotini.

Siku ya shimo wakafika wote wawili, kila mmoja kakishika kile chungu upande wake.

"Nimekifinyanga mimi," akasema Nakijwa. "Na tungengoja, maji yangeyeyusha hata hiki!"

"Nimekiokoa mimi!" Eliwaza analia kwa hasira. "Kwa chungu changu bora! Usingeniharakisha, ningekuwa na changu!"

"Nani alivipanga vibichi motoni?"

"Nani alinisumbua kutwa nzima?"

Mama Namkunda akasema, "Jua linapanda. Namfungulia mmoja."

Na msiniambie wagawane! Udongo wa mtu mmoja haulishi nyumba mbili, mnajua. Haya, wewe unayetikisa kichwa hapo, sema: nani alistahili kuingia shimoni, na nani umrudishe kwa wanawe mikono mitupu?