Mji wa Nyavu Kavu

Zamani za kale, wanangu, kabla bibi wa bibi yangu hajaota meno, palikuwa na mji wa wavuvi katika kisiwa kidogo, mji mzuri ajabu. Kuta nyeupe pepepe, milango ya nakshi, ngalawa zimepakwa rangi utadhani zinakwenda harusini. Maji yakipwa, mgeni alivuka kwa miguu juu ya mchanga. Yakijaa, njia ilifungika.

Kombo, kaka yake Nguchiro, alikwenda kuutembelea mji huo, akasema atakaa siku mbili tu. Mwezi ukaisha. Mama yao akawa hali hanywi, anakaa mlangoni kutazama njia. Basi Nguchiro, mdogo kama mlivyo nyinyi, akajifunga kanga akaenda kumtafuta.

Alipokewa na Mzee Fisi, mkubwa wa mji, kwa maneno matamu kuliko halua. Fisi wengine walikuwa wamelala, maana ndiyo desturi yao mchana. Mzee akamtembeza kila kichochoro. Nguchiro akasifu hiki, akasifu kile, lakini pua yake haikutulia. Nyavu zilizotundikwa ukutani zilikuwa kavu, zimejaa utando wa buibui. Chini hapakuwa na gamba hata moja. Mji mzima wa wavuvi, na haukunuka samaki.

Nyumbani kwa Mzee Fisi akaiona kofia ya Kombo kwenye msumari. Moyo ukamlipuka, pa! Akameza machozi, na mwenyeji wake alipogeuka, akaichomoa akaificha ndani ya kanga. Fisi alikuwa akichungulia bahari na kumhimiza apumzike, aondoke kesho. Nguchiro akaelewa kwamba anangoja maji yajae.

"Mzee wangu," akasema, "sisi wa bara ni washamba. Nyumbani wataniuliza samaki ananaswaje. Nitawajibu nini?"

Fisi hakuwa amevua kwa miaka. Lakini akikataa, mgeni atashtuka, na mgeni akishtuka hukimbia. Akampeleka ufukweni penye dema kuukuu, ule mtego wa kusuka, kubwa kama banda la mbuzi. Akamweleza kwamba samaki huingia mdomoni, basi.

"Na kutoka?"

"Hatoki."

"Mdomo mpana hivyo, ashindwe kutoka? Unanitania, mzee. Hata mimi ningetoka."

Fisi akacheka, akajipenyeza ndani amwonyeshe. Kwacha! Ncha za fito zikajifunga nyuma yake. Akajaribu kurudi, zikamchoma. Maji yalikuwa yameshamfika vifundoni.

"Haya, umeona. Sasa nitoe, mwanangu."

"Kaka yangu yuko wapi?"

Fisi akazitikisa fito. Maji yakapanda magotini. "Aliusifu sana mlango wangu," akasema mwishowe. "Tulimla siku ya pili."

Nguchiro akampa kisogo. Alikuwa akilia, na huku analia akakimbia juu ya mchanga, chubwi, chubwi, maji yakimfuata. Nyuma yake Fisi aliita, akaita, mpaka hakuita tena.

Mama alipopewa kofia aliinusa, akaondoka mlangoni. Siku hiyo hawakuwasha moto jikoni.

Basi, wanangu, mkifika mji mzuri, kabla hamjausifu, ulizeni kwanza wenyeji wake wanakula nini.