Majivu ya Somoe

Mashine huhama, mkono hauhami.

Mmelisikia neno hilo leo jikoni, mama zenu wakimwambia dada yenu Chiku, ambaye kiwanda cha nguo alichokuwa akishonea kimehamishiwa nchi nyingine. Mnauliza limetoka wapi. Limetoka nyumba hii hii, kinywani mwa bibi yenu Somoe, Mungu amrehemu. Lilianza hivi.

Zamani mji wetu ulikuwa na kiwanda cha korosho. Somoe alibangua humo, mimi babu yenu nilichochea tanuri. Kisha wakubwa, watu wasiowahi kuchubuka hata kidole, wakakaa huko wanakokaa wakaamua korosho zetu zisafirishwe na maganda yake, zikabanguliwe ng'ambo, eti huko ni rahisi. Hawakutuuliza. Mashine zikapakiwa kwenye malori, sisi tukasimama barabarani kama wafiwa. Mpaka leo sijawasamehe.

Akaja wakala kutafuta wanaume wa kwenda Arabuni kubeba mizigo ghalani. Nikakubali kwenda. Somoe hakulia. Alitafuta debe kuukuu, akalitoboa kwa msumari, akakaanga korosho uani, moshi tele, kisha akaketi kuzibangua kwa jiwe.

"Mama Rehema," nikamwambia, "kazi ya mashine utaiweza kwa jiwe?"

"Kabla ya mashine nani alibangua? Si mama yangu?"

"Huo mchezo wa watoto."

"Haya, mtu mzima, bangua basi tukuone."

Wabanguaji hujipaka majivu mikononi kwanza, kwa sababu mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi. Alinisogezea majivu. Mimi, mtu wa tanuri, nikaona hayo ni mambo ya wanawake. Nikabangua bakuli zima kwa ubishi, mikono mitupu. Somoe akavitazama tu viganja vyangu.

Siku ya safari ngozi ilikuwa imevimba na kuchunika. Wakala akatupanga mstari.

"Tuone mikono." Alipofika kwangu akaruka nyuma. "Huyu ana ukoma! Mtoeni!"

Gari likaondoka na wenzangu. Mimi nikabaki na begi langu miguuni.

Nilirudi nikiwatukana wakubwa wote, wa kiwanda na wa gari. Nikamkuta Somoe na wanawake wenzake waliofukuzwa kiwandani, wamelizunguka debe.

"Karibu, bwana Arabuni!" wakasema. "Zawadi zetu ziko wapi?" Wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Somoe hakucheka. Alinipaka mafuta ya nazi, kidole kimoja kimoja.

"Mume wangu, mashine imehama. Mkono nao umehama?"

Nikavitazama vidole vyake vyeusi vya korosho. "Haujahama."

"Basi ukipona, uuchovye kwenye majivu, ukae hapa."

Nikakaa. Wale wanawake wakalichukua neno lake, likazagaa mjini. Korosho za lile debe ndizo zilizowasomesha mama zenu. Wenzangu waliopanda gari, wengine walizikiwa wazazi wao wakiwa mbali. Mimi, siku Somoe alipoondoka duniani, kiganja chake kilikuwa ndani ya changu. Wakubwa siwashukuru kwa lolote. Nayashukuru majivu niliyoyakataa, na aliyenisogezea.

Chiku mwacheni alie leo, ana haki. Kesho mpeni sindano na kitambaa. Kiwanda wamekichukua, kushona hawakukuchukua.

Mashine huhama, mkono hauhami.