Kisogo cha Kwanza

Kaeni, wajukuu zangu. Kombo, toa mguu kwenye sinia, hayo ni magamba ya samaki. Mwanamvua, hata ukinuna, kaa. Ami yako Hatibu bado anafunga mizigo yako kwenye pikipiki, na mimi nina kisa.

Nini, Kombo? Hadithi za mchana humwotesha mtu mkia? Kweli, hata mimi nilifundishwa hivyo, usiku ndio wakati wake. Lakini usiku wa leo dada yako atakuwa njiani kwenda Dodoma kwa mama yake, na sauti yangu haifiki huko. Tena gusa mwisho wa mgongo wako, hapo unapokalia. Umekipata kifupa? Kinaitwa kifandugu. Huo ndio mkia wenyewe, uliota zamani ukasinyaa. Basi hatuna la kuogopa.

Nikiuliza, "Palikuwa na mtu?" mwitikie, "Hapakuwa na mtu!" Palikuwa na mtu? Vizuri. Mwanamvua sijamsikia, lakini tuendelee.

Hapo kale, kabla ya kale ya babu zangu, hapakuwa na mtu, hapakuwa na ng'ombe, hapakuwa na hata jani la kufunikia chungu. Palikuwa na bahari tu, na chini kabisa palikuwa na mtaa wa wanyama wasio na mbele wala nyuma. Mzee Sifongo alikuwa matundu matupu. Maji yanaingia huku, yanatokea kule, hana mdomo wala tumbo, na hakuwahi kuugua. Bi Yavuyavu, yule laini kama ute wa yai, alikuwa na mlango mmoja. Chakula kiliingilia hapo, na uchafu ulitokea hapo hapo. Msicheke. Yuko hivyo mpaka leo na hajalalamika. Shoga yake wa kufa na kuzikana alikuwa Bi Mnyoo, ambaye siku hizo hakuwa mrefu. Alikuwa duara kama andazi.

Hawakuwa na mbele, hawakuwa na nyuma. Hawakuwa na kulia, hawakuwa na kushoto. Ukimjia mtu upande wowote, amekuelekea. Hata kusengenyana hapakuwepo, maana kumsengenya mtu kunataka mgongo wake. Chakula kilinyesha kutoka juu, nao walingoja matundu na midomo wazi. Kikinyesha wanakula, kisiponyesha wanangoja.

Kikaacha kunyesha. Wakangoja. Wakangoja tena. Watoto wa Bi Mnyoo wakaanza kulegea.

"Shoga," akasema Bi Mnyoo, "mimi nakwenda kuwatafutia watoto chakula."

"Unakwenda wapi?" akauliza Bi Yavuyavu.

"Mbele."

"Mbele ndio wapi?"

"Sijui. Nikianza kwenda, hapo ndipo patakuwa mbele."

Mzee Sifongo akaguna kwa matundu yake yote. "Njaa imempanda kichwani, na kichwa chenyewe hana. Tulia, mama. Mimi nangoja tangu nizaliwe na sijapungukiwa."

"Mzee, wewe husikii watoto wangu wanavyolia. Heri mtenda bure kuliko mkaa bure."

Basi akawabeba wanawe, akajilaza, akajinyoosha, akaenda. Hakuaga. Aliogopa kwamba akiaga atalia, na akilia hatakwenda. Namjua mtu mwingine wa namna hiyo, simtaji.

Bi Yavuyavu akamwita. "Shoga! Mbona sikuoni uso?"

"Uso uko huku."

"Na hiki kilichonielekea mimi ni nini?"

"Sijui. Ni kipya."

Kilikuwa kisogo. Kisogo cha kwanza duniani, na aliyepewa ni shoga yake.

"Geuka basi nikuone!"

Bi Mnyoo hakugeuka. Akaenda, akaenda, akaenda. Na mtu akishika upande mmoja siku zote, mwili wake unajipanga. Mdomo ukahamia kule kunakokutana na chakula. Macho yakaufuata, yaone unatia nini. Akili ikakaa jirani na macho, wasitumane mbali. Ndicho kichwa hicho. Uchafu ukapata mlango wake wa uani. Pande mbili zilizobaki zikawa kulia na kushoto, sawa kwa sawa. Mtazameni huyu samaki changu ninayempara: mdomo mbele, macho pembeni, mkia nyuma. Ng'ombe ni hivyo hivyo. Ami Hatibu ni hivyo hivyo, mkia tu hana.

Akafika kwenye tope lililoshiba. Watoto wakala, wakaishi, wakazaa. Kizazi kimoja, cha Kiti cha Pweza, yule mwenye umbo la nyota, kilichoshwa na habari za mbele kikarudi kuwa duara. Mpaka leo mtoto wake akiwa mchanga ana kulia na kushoto, akikua anaziacha. Kizazi kingine kikajipitishia ugwe mgongoni, ndio mwanzo wa uti wa mgongo, na humo ndimo walimotoka samaki.

Bi Mnyoo alipowaona wanawe wamenenepa, akarudi mtaani na chakula cha shoga yake. Akamkuta Mzee Sifongo peke yake, pale pale.

"Shoga yangu yuko wapi?"

"Alijing'oa hapa chini akaelea kukutafuta. Nilimwambia angoje."

"Alishika upande gani?"

"Upande gani? Yule ana upande? Alikwenda na maji."

Bi Mnyoo akalia. Mimi mwenyewe nikifika hapa roho huniuma, na kisa nakijua. Hawakuonana tena. Bi Yavuyavu anaelea mpaka leo, anampapasa kila apitaye kwa zile nyuzi zake, huenda akawa ni yeye. Akikugusa unawashwa. Watu wanasema ni sumu. Mimi nasema ni kuachwa bila kuagwa.

Msidhani namlaumu Bi Mnyoo kwa kwenda. Asingekwenda, wanawe wangekufa, wala sisi tusingekuwepo hapa kupara samaki. Anayekwenda mbele hana budi kumpa mtu kisogo, hiyo haina dawa. Lakini Bi Mnyoo hakuwa na shingo. Samaki naye hana, akitaka kutazama nyuma ageuze mwili mzima. Shingo ilikuja baadaye sana, kwa wale waliotoka majini wakapanda nchi kavu. Wenye elimu wana sababu zao kwa nini ilikuja. Mimi nina yangu. Mwanamvua, wewe shingo unayo.

Kisa changu kimefika mkiani. Aliyekipenda akibebe, asiyekipenda aniachie nikikaange pamoja na samaki.

Haya, pikipiki imewaka. Nenda, mama. Samaki huyu nilimnunua mkubwa kwa mazoea tu, Kombo atamla. Msalimie mama yako. Nenda, basi la Dodoma halimngoji mtu.

Naam. Nimekuona. Kwaheri nawe pia, mjukuu wangu, nenda salama.

Nimekuona tena. Basi, inatosha, sasa tazama unakokwenda. Mwanamvua! Usitembee kinyumenyume, mbuzi yuko nyuma ya...

Haya. Mwombe mbuzi radhi, kisha upande.