Ukili wa Bi Mize

"Ukili mweupe nao ni rangi." Ndivyo nilivyosema, nanyi mkacheka, na Shuweka akaniuliza nyeupe imekuwa rangi tangu lini na maneno haya nimeyaokota wapi. Haya, wekeni brashi chini kidogo. Kibao chenyewe mmekijaza maua hadi jina la ushirika halisomeki, hakitakimbia. Methali hii haikuokotwa. Ilisemwa na mtu aliyesimama mlangoni kwa mwenzake, na ilianza hivi.

Huku kwetu Pemba, zamani hizo, bibi harusi hakununuliwa mkeka. Kila mwanamke wa ukoo alisuka ukili wake, ule utepe mrefu wa ukindu, akaupeleka kwa shangazi wa bibi harusi. Shangazi alizishona kili zote zikawa mkeka mmoja, ambao bibi harusi aliukalia siku yake. Aliyesuka alihesabiwa yumo. Asiyesuka alikuwa kama hakuwepo.

Bibi harusi wetu aliitwa Raya. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa mchanga, akalelewa na mama yake mdogo, Bi Mize. Harusi ilipokaribia, mume wa Bi Mize akafariki. Marehemu mwenyewe alikuwa ameusia kwamba harusi isiahirishwe kwa ajili yake, na wazee wakaheshimu wosia. Lakini Bi Mize alikuwa edani, na mwanamke wa eda haendi shereheni wala hajipambi. Binti aliyemlea angeolewa, naye asingemwona. Kilichobaki kwake ni ukili tu. Huo ungefika mahali ambapo yeye asingeweza kufika.

Basi akausuka. Hakuutia rangi, maana moyoni mwake hakuona rangi ya kutia. Aliuacha na weupe wa ukindu uliokauka juani.

Mshonaji alikuwa Bi Zuwena, dada wa baba yake Raya. Alikuwa fundi hasa, lakini ulimi wake pilipili. Alipouona ukili ule aliukunja, akamrudishia aliyeuleta.

"Mwambie Mize, mkeka wa harusi hautiwi msiba."

Bi Mize aliupokea akauweka kikapuni. Alilia siku ile, tena sana. Halafu akaendelea kusuka, kwa sababu mikono iliyozoea kazi haiwezi kukaa bure eda nzima.

Huko kwa wengine yalikuwa mashindano. Kila mmoja alitaka ukili wake uonekane kwanza. Huyu alileta mwekundu, yule wa zambarau, yule wa manjano ya kuumiza macho. Mama yangu alileta wa kijani, na msidhani namtetea kwa kuwa ni mama yangu: aliuchemsha kwenye rangi mara mbili ili awapite wenzake. Bi Zuwena akakaa na shazia yake, ile sindano nene ya kushonea mikeka, akashona. Alipofika nusu aliutandaza uani ili wautazame.

Hakuna aliyesema mashallah. Ukili mwekundu ulikuwa umeumeza wa zambarau. Wa kijani na wa manjano zilivutana kama mbuzi wawili kwenye kamba moja. Jicho liliingia mle, likakosa pa kutua, likatoka.

"Wangu uko wapi?" mama akauliza.

"Si huo hapo, pembeni ya mwekundu?"

"Mimi siuoni!"

"Ongezeni mweusi uzitenganishe," akashauri mwingine.

Wakaongeza mweusi, na mambo yakazidi kuharibika. Ugomvi ukazuka, kila mmoja akitaka ukili wa jirani yake ufumuliwe, si wake. Bi Zuwena akawafukuza wote.

Alibaki peke yake na kazi ya kufumua, na aibu ilikuwa yake, kwa sababu mshonaji ni yeye. Alipozifumua kili alizipanga juu ya jamvi kuukuu la ukindu mtupu, moja hapa, nyingine pale, apate kufikiri. Hapo akashangaa. Kila rangi ilikuwa imesimama yenyewe, nzuri, kama siku ilipoletwa. Akazisogeza pamoja, zikafa. Akazitenga, weupe wa jamvi ukaonekana katikati, zikafufuka. Akarudia tena na tena, kwa kuwa hakutaka kuamini. Alijua vizuri ni nani mwenye ukili mweupe, na alitamani ardhi immeze.

Hata hivyo alijifunga kanga, akaenda.

"Hodi."

"Hodi kwa mwenye eda, wifi?" Bi Mize akasema. "Huogopi msiba usikurukie?"

"Nimekuja na haya zangu, Mize. Nimekuja kuomba rangi."

"Mimi sikutia rangi hata moja. Ndiyo sababu ukanirudishia."

"Nilikuwa na macho nisione. Zile rangi zote bila wako zinauana. Ukili mweupe nao ni rangi, Mize. Ndio unaozipa nyingine pa kusimama."

Bi Mize akauweka chini ukili aliokuwa akisuka. "Na mimi je, Zuwena? Umeuona ukili tu, au umeniona na mimi?"

Bi Zuwena, yule mwenye ulimi wa pilipili, alikaa chini pale mlangoni akalia.

"Nimekuona. Nimechelewa, lakini nimekuona. Nisamehe, mwenzangu."

Bi Mize hakusema amesamehe. Alivuta kikapu chake, akatoa ukili wote aliousuka tangu siku ile, mzinga juu ya mzinga kama kamba iliyoviringwa, wa kutosha kupita kati ya kila rangi na jirani yake. Akamwekea mapajani.

Siku ya harusi mkeka ulitandikwa. Wageni wa upande wa mume waliusifu kwa nyekundu yake, wakausifu kwa kijani, na mama yangu akavimba kichwa. Weupe haukutajwa na mtu. Kisha mama mkwe akasema, kwa upole, kwamba wamesikia bibi harusi ana mama aliyemlea, mbona hawamwoni?

Raya, ambaye hakuwa amenyanyua uso tangu asubuhi, alinyoosha mkono wake wenye hina. Akaupitisha juu ya mstari mweupe, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Huyu hapa," akasema. "Kati yenu nyote."

Tangu hapo watu wa kwetu, wakimwona asiyevuma akipuuzwa, husema: ukili mweupe nao ni rangi.