Furungu la Miguu ya Salha

Sogeeni karibu. Aliye na kashata mdomoni amalize kutafuna, maana hadithi hii haitaki masikio peke yake, inataka na hukumu. Nimeibeba muda mrefu sijui pa kuitua, na leo naitua kwenu.

Mtaa wa Kisimani ni wa nyumba za mawe zilizobanana, hata jua likipita linapita ubavuubavu. Humo waliishi watu watatu wenye vipaji. Wa kwanza ni Mize, mshonaji, naye alijaliwa jicho. Ukipita mbele ya mlango wake, keshajua upana wa bega lako, na ile futikamba shingoni ilikuwa pambo tu. Wa pili ni Asaa, tabibu wa zahanati, aliyejaliwa elimu na subira ya kumsikiliza mtu mpaka amalize. Wa tatu ni Time, ambaye hakuwa na jicho la Mize wala elimu ya Asaa. Yeye alijaliwa uthubutu. Jambo ambalo wenziwe hulijadili mpaka kahawa ikapoa, Time hulifanya kwanza, halafu ndipo akafikiri atasema nini akiulizwa.

Lakini nitakayemfuata mimi ni Bi Mkasi, muuza vitumbua, mke wa Shaame. Time alikuwa wifi yake, dada wa Shaame, na wote walikaa nyumba moja.

Bi Mkasi alikuwa mtu wa shaka. Ukimsifia vitumbua vyake, anajiuliza umetumwa na nani. Usipomsifia, anajua hasa ni nani aliyekutuma. Alikaa miaka mingi kwenye ndoa bila mtoto, na alipompata Salha, furaha ilimjia imeshikana mkono na hofu. Aliona mtaa mzima umekuwa macho matupu. Akamfungia mtoto ndani. Ua wa nyuma akauezeka makuti ukuta hadi ukuta ili hata kunguru asimwone, na madirishani akatundika mapazia mazito. Salha akakulia kwenye kiza, ananyonya na kunywa uji, na mama yake akijisifu kwamba hakuna hasidi aliyepata kuuona uso wa mwanawe.

Watoto waliozaliwa naye wakawa wanakimbiza kuku. Salha bado alijiburuta kwa makalio. Meno yalichelewa kuota. Usiku kichwa kilimtoka jasho mpaka mto ukalowa, na akisimamishwa analia. Bi Mkasi hakuwa na haja ya kuuliza mtu. Alijua mwanawe katupiwa jicho, na kilichobaki ni kumjua aliyemtupia.

Siku moja akalitoa kabatini furungu la fedha, pambo la mguuni aliloachiwa na bibi yake, kitu pekee cha thamani alichokuwa nacho, akasema mbele ya mumewe na wifi yake, "Naweka nadhiri. Atakayemsimamisha mwanangu akatembea, furungu hili ni lake. Nisipolitoa, miguu ya mwanangu na irudi ilivyokuwa."

"Mkasi, maneno mengine hayasemwi," Shaame akamwambia.

Lakini yalikwishasemwa.

Ikakaribia sikukuu, na mtoto lazima ashonewe. Kwa kuwa Salha hatoki, Mize akaja mwenyewe na gauni na suruali yake. Gauni likakaa vizuri. Suruali ikakataa. Mize akaivuta huku, akaivuta kule, kisha akaiacha suruali akatazama miguu.

"Kosa si la nguo, shoga," alisema. "Miguu imepinda kwa nje. Tena tazama hivi vifundo vya mikono, vimevimba. Haya ni matege."

"Umemtazama sana mwanangu," Bi Mkasi akasema.

"Ndiyo kazi yangu, kutazama."

"Basi katazame kwengine."

Akamsindikiza mpaka nje, na suruali akamrushia. Kila alipokumbuka lile jicho la Mize likishuka kutoka gotini hadi kifundoni, alimfunika mtoto miguu upya. Hakujiuliza tena nani kamroga mwanawe, jibu alikuwa nalo. Mize naye hakuweza kuzuia ulimi. Kila aliyekuja kupima nguo aliondoka na habari za matege ya Salha, na mwisho habari zikamfikia Asaa, aliyekwenda kutiliwa kifungo cha koti lake.

Asaa akapiga hodi kwa Bi Mkasi bila kuitwa.

"Nani kakutuma?" Bi Mkasi akauliza, upawa wa mafuta mkononi.

"Hakuna. Nimesikia mtoto hatembei."

"Umesikia kwa Mize."

"Kwa Mize," Asaa akakubali, akakaa barazani. Akakaa hapo vitumbua vikaiva, vikauzwa, vikaisha. Ilipofika adhuhuri Bi Mkasi alichoka kumkasirikia, akamtoa mtoto.

Asaa akampapasa kichwa, mbavu, vifundo na magoti. Akauliza mtoto anakula nini na analala wapi. Akayatazama mapazia.

"Mama Salha, mifupa ya mtoto hukazwa na madini yaliyomo kwenye chakula, kama maziwa na dagaa. Lakini madini hayo yakifika tumboni hayaingii mwilini kwa wingi mpaka yafunguliwe mlango. Anayefungua ni vitamini D. Asipokuwepo, chakula kinapita tu, mifupa inabaki laini, na mtoto akianza kuinuka, uzito wake mwenyewe unaipinda."

"Huyo vitamini D anapatikana duka gani?"

"Kwenye chakula yumo kidogo. Kiini cha yai, maini, samaki wa mafuta. Aliye mwingi hutengenezwa na ngozi yenyewe ikipigwa na jua."

"Mie nimemnyonyesha mwanangu sawasawa."

"Najua. Lakini kwenye maziwa ya mama huyo hatoshi. Hukumnyima maziwa, mama. Umemnyima jua."

Hakuna aliyewahi kumwambia Bi Mkasi neno lililomuuma hivyo. Alimshika mwanawe kwa nguvu hata mtoto akalia. Asaa akampa chupa ndogo ya dawa ya matone, akamweleza namna ya kumpa, akamwambia ukweli kwamba zahanati imebaki na hiyo moja, na ya pili haijulikani lini itakuja. "Hii itaisha," alisema. "Jua haliishi. Asubuhi mtoe nje, miguu wazi."

Bi Mkasi aliinusa dawa, akaitia ulimini yeye mwenyewe, akalala akingoja kufa. Kulipokucha akiwa hai, akampa mtoto. Akampa na kiini cha yai, ingawa alimshuku hata kuku. Baada ya muda jasho la usiku likapungua, na Salha akisimamishwa halii tena. Lakini kumtoa nje, hapana. Chini ya jua kuna watu, na watu wana macho. Chupa ikaisha, na mlango ukabaki umefungwa.

Hapo ndipo mambo ya ajabu yalipoanza.

Asubuhi Bi Mkasi hukaanga vitumbua vyake barazani, mbele ya nyumba, na Salha huachwa chumba cha ndani na Time. Siku moja, akimwosha mtoto, akaona mchanga katikati ya vidole vya miguu. Ndani ya nyumba ile hakuna mchanga, sakafu yote ni saruji. Siku nyingine akanusa shombo la samaki kwenye nywele zake. Kisha akaona alama nyeusi ya masizi katikati ya kipaji, imefutwafutwa vibaya.

Bi Mkasi akayafuta masizi yaliyobaki. Alikunja moyo akaanza kutazama. Alimtazama Mize akipita na kumwona anapita haraka mno. Alimtazama Asaa akiamkia watu na kumwona mchangamfu mno. Mwisho macho yakamtua Time. Time hakujaliwa mtoto. Time alisikia nadhiri kwa masikio yake. Time, mwanamke wa maneno mengi, siku hizi alikuwa kimya. Bi Mkasi alipompakulia wifi yake chakula, kila kijiko alikipakua kwa uchungu, akijiambia kwamba anamlisha mwenyewe anayemwangamizia mwanawe.

Asubuhi moja aliacha vitumbua vikiungua, akaingia ndani na upawa wake. Chumba kitupu. Mlango wa nyuma uko wazi. Nyuma ya ua lao kulikuwa na gofu la nyumba iliyoanguka zamani, kuta zimebaki kiunoni na jua linamwagika humo lote. Bi Mkasi akainama nyuma ya ukuta akachungulia.

Time alikuwa amekaa juu ya jiwe akichambua dagaa. Salha yuko mchangani pembeni yake, miguu wazi, masizi kwenye kipaji, jua limemmeza mzima. Wanawake wawili wakapita na ndoo zao.

"Mtoto wa nani huyo?" mmoja akauliza.

"Anaitwa Mtupeni," Time akajibu. "Tumemwokota jaani. Mbaya, si mnamwona?"

Wanawake wakacheka, wakaenda zao. Hakuna aliyegeuka kumtazama mara ya pili.

Bi Mkasi akaelewa. Ndivyo walivyofanya wakongwe kwa mtoto anayeogopewa: hupakwa masizi, akapewa jina la takataka, ili husuda imwone si kitu na ipite. Yeye mwenyewe aliijua dawa hiyo tangu utotoni. Ila hakukubali kumwita mwanawe mbaya, hata kwa kudanganya.

Akatoka nyuma ya ukuta. "Tangu lini?"

Time hakuinua macho. "Tangu chupa ilipoisha."

"Umeniibia mwanangu."

"Nimekuibia kila asubuhi, wifi, na kila asubuhi nimekurudishia."

Hapo Salha akashika jiwe akainuka. Akauona upawa unaong'aa mkononi mwa mama yake, akaliachia jiwe. Hatua moja. Ya pili ikayumba. Ya tatu akaangukia magoti ya mama yake, na Bi Mkasi akalia pale gofuni mbele ya kila aliyekuwa na macho.

Miguu haikunyooka siku hiyo, ilikwenda ikinyooka kidogo kidogo. Lakini mtoto alipoweza kutoka chumbani mpaka barazani bila kushikwa, Bi Mkasi aliwaita wote watatu, akaliweka furungu juu ya mkeka.

"Mimi ndiye niliyeona," alisema Mize. "Nisingeona, mngekuwa mnamtafuta mchawi mpaka leo."

"Ukaona, kisha ukautangazia mtaa mzima," Bi Mkasi akamwambia.

"Ningenyamaza, tabibu angejuaje?"

"Kuona matege si kujua yametoka wapi," alisema Asaa kwa upole. "Mimi ndiye niliyejua, na matone yangu ndiyo yaliyoanza kazi."

"Wewe unalipwa kwa kujua."

"Mshahara haukunikalisha barazani kwako mpaka adhuhuri, mama."

"Mlijua wote, na mtoto alikuwa gizani," alisema Time. "Mimi nimemtia juani."

"Kwa wizi, na uongo juu yake."

"Ningekuomba ruhusa, ungenipa?"

Bi Mkasi akaligeuza furungu juu ya mkeka. Shaame akamuuliza mkewe, "Na wewe uliyempa dawa na mayai kwa mkono wako?"

"Mimi nisitajwe," Bi Mkasi akasema. "Mimi ndiye niliyefunga madirisha."

Wakati huo Salha alikwishaingia katikati ya mkeka. Akainama, akalibeba furungu kwa mikono miwili, akasimama nalo akiwatazama mmoja mmoja. Wote wakamkodolea macho, na kwa mara ya kwanza mama yake hakumfunika.

Wazo la kuligawa halipo. Furungu likikatwa ni vipande tu, na nadhiri ilitaja mtu mmoja. Mwaka umepita sasa na furungu limerudi kabatini. Kila kukicha Bi Mkasi humfunua mwanawe shuka na kumtazama miguu kabla ya kumtazama uso, na mtoto akijikwaa tu, hata kwa kizingiti, mama hushika ukuta.

Basi mmesikia. Yupo aliyeona, yupo aliyejua, yupo aliyethubutu. Bi Mkasi ameshindwa, nami nimeshindwa. Je, wewe uliyemaliza kashata yako, ungelivisha furungu mguu wa nani? Amua upesi, maana Salha anakuja huku anakimbia.