Jicho la Tangawizi

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa chungu mekoni, hakina cha kutia. Haya, sogeeni. Na wewe unayekohoa, geuza mdomo kule.

Hapo kale palikuwa na Nungunungu, mjane mwenye mgongo laini, hana mwiba hata mmoja. Mwanawe Mwatime, wa pekee, alilala mgongoni hapo. Nyuma ya jiko walikuwa na kijituta cha tangawizi, na nchi nzima hapakuwa na nyingine.

Desturi yao, mgonjwa hanyimwi tangawizi. Lakini ukipewa kipande, unakata jicho lake, pale panapochipua, unalizika nyuma ya jiko lako, ili kesho na mwenzio apate.

Akaja Fisi. "Mama Mwatime, moyo wanichafuka! Nimekula mzoga."

"Tafuna kidogo kidogo. Nyama yake kula, jicho lake zika."

"Nitazika, mama, nitazika!"

Akaja Kima, kamasi zinamtiririka.

"Chemsha na majani ya chai, unywe ingali moto. Nyama yake kula, jicho lake zika."

"Nitazika, mama, nitazika!"

Akaja Kobe, magoti yamemkaza kwa baridi. Kilibaki kipande kimoja tu. Mwatime akasema, "Mama, na sisi je?"

"Wenzetu wamezika, mwanangu. Tutakosaje?" Akampa Kobe. "Ponda, changanya na mafuta ya nazi, jisugue. Jicho lake zika."

"Nitazika, mama, nitazika!"

Ah, watu! Basi masika yakaingia, Mwatime akashikwa na kifua. Anakohoa, anakohoa, pumzi haipandi. Mama akambeba mgongoni, mbio mvuani hadi kwa Fisi.

"Fisi, nigawie tangawizi, mwanangu anakwisha!"

"Jicho? Mbona nililitafuna lote!"

Mbio kwa Kima.

"Nilitaka kuzika, mama. Nikaona nilitie kwenye chai ya pili."

Mbio kwa Kobe.

"Limekaukia pale juu ya kichaga. Nilidhani Kima amezika."

Hapo Nungunungu akasikia kikohozi kimetulia mgongoni. Akafurahi, masikini. "Mwanangu kapata nafuu!" Akamshusha taratibu.

Mwatime alikuwa ameshapoa mwili, pumzi hana.

Mama alilia mpaka sauti ikakauka. Fisi akaja na pole, Kima na pole, Kobe na pole. Pole zao zingemfaa nini? Mgongo ule usio na wa kubeba ukaota miiba, asiuguse mtu tena. Na hadi leo nungunungu anafukua mashamba yetu, muhogo anaung'oa, viazi anaving'oa. Mnamwita mwizi. Anatafuta jicho moja tu la tangawizi, na halipati.

Basi msiseme fulani atapanda. Panda wewe. Hadithi yangu imeishia hapo: nyama yake kuleni, jicho lake zikeni.

Kho! Kho! Kifua hiki nacho. Haya, kwa nani kuna tangawizi anipe kipande?

Mbona mmenyamaza?