Pengo la Wapigangoma

Hapo kale, kabla ya babu zetu kujua kujuta, wapigangoma wa Kwamgoda hawakuketi duara. Walijipanga mstari nyuma ya kiongozi wao, wote wakiwaelekea wageni, na kiongozi hakugeuka hata mara moja. Kugeuka ilikuwa aibu. Eti fundi wa kweli husikia kwa kisogo. Aliyelegea nyuma yake alikuwa na dawa yake: kiongozi aliharakisha mapigo mpaka mvivu azinduke, au aumbuke mbele ya watu.

Fundi wa siku hizo alikuwa Shehoza, naye alijijua. Dadake mdogo, Mwanamvua, alitikisa kayamba. Walikuwa wamecheza pamoja tangu utotoni, na bila kayamba ile ngoma ya Shehoza ilikuwa mchuzi usio na chumvi.

Siku ya arusi ya binti wa jumbe, mtoto wa Mwanamvua alikuwa na homa siku ya tatu. Asubuhi alikwenda kumwambia kakake. Shehoza alikuwa akikaza ngozi za ngoma motoni, akajibu bila kuinua macho, "Homa za watoto hupanda na kushuka. Muachie jirani, dada. Arusi ya jumbe haingoji." Mwanamvua akatii.

Katikati ya ngoma, kayamba ikaanza kuchelewa. Shehoza alisikia, tena vizuri, maana masikio alijaliwa. Akaudhika, akaongeza kasi. Kayamba ikachechemea, wageni wakacheka, naye akazidi kupiga huku akijisifu moyoni kwamba anamfunza mtu kazi. Ngoma ilipokwisha aligeuka ili amkaripie. Mwanamvua alikuwa ameshakimbilia nyumbani, na huko alimkuta mwanawe amekata roho mikononi mwa jirani.

Matangani Shehoza aliketi mbele ya dadake, amenywea.

"Ungeniita, mdogo wangu. Ningesimamisha."

"Nilikutazama mara tatu, kaka," alisema Mwanamvua. "Nikaona kisogo."

Hakulia. Heri angelia.

Arobaini ilipopita, Shehoza aliwaketisha wenzake duara, uso kwa uso. Aliyeshusha mabega alipunguziwa mapigo, aliyechangamka akaachiwa aongoze, hata pumzi zao zikaanza kwenda pamoja. Ngoma ikakolea kuliko zamani zote. Utamu huo ulimchoma Shehoza, kwa kuwa bei yake ilikuwa kugeuza shingo tu. Kando yake aliacha mahali wazi, akatuma watu kwa dadake. Hakuja. Kila arusi alimwekea, na kila arusi hakuja. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyo Shehoza alimlea mpaka kaburini.

Tangu siku hizo wapigangoma wetu huketi wakitazamana, na duara lao halifungwi. Wageni hudhani pengo lile ni njia ya wachezaji. Wachezaji hupita hapo, sawa, lakini hakuna anayepakalia.